KICHAKA KIDOGO CHA NCHI YA BARIDI NA UKAME
Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Natumaini mwalimu wa darasa amekwisha kuandika ubaoni maneno matano ya leo: kichaka, sakitu, kipandikizi, kupogoa, mvuke. Yasomeni kwa sauti mara moja kabla hatujaendelea. Neno la pili huenda likawasumbua wenzetu wa pwani, maana sakitu hawaijui. Sakitu ni umande ulioganda kwa baridi ya usiku, ukawa kama unga mweupe juu ya majani. Watu wa Makete, wa Njombe na wa Kinangop hawahitaji kuelezwa. Wao wameiona ikiunguza viazi vyao kwa usiku mmoja tu.

Leo tutazungumza juu ya mmea unaoitwa lavenda. Wengi wenu mmelijua jina hili kwenye sabuni au kwenye chupa ya manukato, bila kuuona mmea wenyewe. Ni kichaka kifupi, kimo chake kinafika gotini kwa mtu mzima, kina majani membamba ya rangi ya majivu na maua ya zambarau. Chini ni mti mgumu kama kuni. Juu ni vijiti laini vya kijani. Mimi nitauita mlavenda, kama tunavyosema mkahawa, ili tusichanganye mmea na harufu yake. Wataalamu wa mimea huuita Lavandula angustifolia, lakini jina hilo msijisumbue kuliandika.

Pengine mtu mmoja darasani anauliza moyoni: "Mmea wa Ulaya utanifaa nini mimi?" Swali zuri. Sikusudii kuwaambia mng'oe mahindi mpande lavenda. Nimeuchagua kwa sababu unaonyesha waziwazi jambo ambalo wakulima wengi hulikosea, wa huko na wa hapa. Mlavenda huvumilia baridi kali, na huvumilia ukame. Usichoweza kuvumilia ni maji yaliyosimama mizizini. Mtu asiyejua hilo huupenda mlavenda mpaka akauua: huupa udongo mzuri, samadi nyingi, maji kila jioni, na baada ya msimu mmoja anabaki na vijiti vikavu.

Twende kwanza mpaka kwao. Kusini mashariki ya Ufaransa, mahali milima mirefu ya Alpes inapoanza kushuka kuelekea bahari ya Mediterania, kuna nchi ya vilima na nyanda za juu inayoitwa Haute-Provence. Kuna mlima mmoja uitwao Ventoux, kimo chake mita 1,910, kilele chake ni cheupe kwa mawe ya chokaa, hata mgeni akiutazama kwa mbali hudhani ni theluji. Chini yake kuna mji mdogo wa Sault, na kuuzunguka kuna mashamba ya milavenda. Ardhi ya huko ni ya mawe. Jembe likipiga, hulia. Wakati wa kiangazi jua ni kali na mvua ni haba. Wakati wa baridi usiku huganda, theluji huanguka, na upepo mkavu kutoka kaskazini, uitwao mistral, huvuma kwa nguvu siku kadhaa mfululizo.

Hapa tusimame kidogo, kwa kuwa wengi hufikiri kwamba baridi daima huja na maji. Kwetu ndivyo ilivyo mara nyingi: ukungu, manyunyu, matope. Lakini baridi inaweza kuwa kavu kabisa. Hewa yenye baridi kali haibebi mvuke mwingi. Tena maji yakiganda ardhini, mizizi haiwezi kuyanywa. Kwa mmea, maji yaliyoganda ni sawa na maji yasiyokuwapo. Upepo nao huendelea kuyakausha majani kama nguo kwenye kamba. Basi mmea wa nchi kama hiyo una kiu mara mbili kwa mwaka, mara moja wakati wa jua na mara moja wakati wa barafu.

Mlavenda umejitayarisha kwa hayo yote. Majani yake ni membamba, kingo zake zimejikunja kwa chini, na juu yake yana manyoya madogo meupe yanayozuia upepo usinyonye unyevu. Ile rangi ya majivu mnayoiona ni manyoya hayo. Mizizi yake hupenya kati ya mawe kutafuta unyevu uliojificha chini. Mwili wake ni mfupi na wa mviringo, hivyo upepo hupita juu, na theluji ikianguka huufunika mmea kama blanketi. Ndiyo, kama blanketi. Chini ya theluji baridi haizidi sana. Mmea ulioachwa wazi kwenye upepo ndio unaoumia zaidi. Kwa njia hiyo mlavenda uliokomaa huweza kustahimili baridi ya digrii 15 chini ya sifuri, hata zaidi, mradi miguu yake ni mikavu.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo somo lenyewe. Chukua miche miwili ya mama mmoja. Mmoja upande penye mteremko wa changarawe, wa pili kwenye udongo wa mfinyanzi bondeni. Ukija usiku wa barafu, yote miwili itapata baridi ile ile, na ule wa mteremkoni utachipua tena. Ule wa bondeni utakuwa umesimama katika maji. Udongo uliojaa maji hauna nafasi ya hewa, na mizizi huhitaji hewa kama sisi. Ikikosa, hufa, kisha huoza. Tena maji yakiganda hutanuka, na udongo hupanda na kushuka ukiikatakata ile mizizi midogo. Mwenye shamba atasema baridi ndiyo iliyoua, lakini mizizi ilikuwa imekwisha kudhoofika kabla barafu haijafika.

Sasa tazameni jinsi wakulima wa huko wanavyofanya, mtaona kila desturi yao inatokana na neno hilo.

Hutafuta mahali palipo wazi kwa jua, penye mteremko kidogo, na udongo wenye mawe na chokaa. Shamba likiwa tambarare na zito, hupanda juu ya matuta na kuchimba mitaro ili maji yaondoke. Mbolea ni kidogo. Hili huwashangaza wengi, kwa maana tumefundishwa kwamba samadi ni mali, nayo kwa mahindi ni mali kweli. Lakini mlavenda ukilishwa sana huota haraka, matawi yake yakawa laini na yenye maji mengi ndani, na tawi la namna hiyo likipigwa na sakitu hupasuka. Udongo mbovu huufanya ukue polepole na kuwa mgumu.

Mistari huachana kiasi cha mita moja na nusu au zaidi, ili upepo upite na majani yakauke upesi baada ya mvua, na ili mashine ipate njia. Maji hupewa mche katika mwaka wake wa kwanza, mpaka mizizi ishike. Baada ya hapo huachiwa mvua. Mavuno yenye maana huja mwaka wa tatu, kwa hiyo anayepanda lavenda lazima awe na kitu kingine cha kula kwa miaka miwili. Wengi hupanda pia ngano, au hufuga kondoo au nyuki. Asali ya lavenda ni nzuri sana, lakini leo sitaki kupotea njia.

Kazi ya kupogoa ndiyo inayohitaji macho. Kila mwaka, baada ya maua, kichaka hukatwa kiwe mviringo kama kichwa kilichonyolewa. Usipokata, matawi hurefuka, hulala pande zote, katikati panabaki wazi, na uzito wa theluji hukipasua kichaka. Lakini usikate ovyo. Kata katika sehemu ya kijani yenye majani, uache kiasi cha vidole viwili vya kijani juu ya mti mgumu. Ukishuka ukakata kwenye mti wenyewe usio na majani, mara nyingi hauchipui tena. Katika jambo hili mlavenda si kama mchai, ambao waweza kuukata chini kabisa ukarudi. Nimesikia watu wakisema, "Nimeupogoa vizuri, nashangaa umekufa." Wameupogoa kama mchai.

Mashambani, kuvuna ndiko kupogoa kwenyewe. Mwezi wa saba na wa nane, jua linapokuwa kali, maua hukatwa pamoja na vijiti vyake. Zamani wavunaji walitumia mundu, mtu akajifunga kitambaa kikubwa begani na kutupia humo. Leo mashine hufanya sehemu kubwa ya kazi. Maua hulala juani siku moja au mbili, kisha hupelekwa kutolewa mafuta.

Namna ya kutoa mafuta si ngumu kuielewa. Maua hushindiliwa ndani ya pipa kubwa lililofungwa. Mvuke wa maji yanayochemka huingizwa chini ya pipa, hupenya kwenye maua, na kuyachukua mafuta pamoja nao. Juu kuna bomba, nalo linapita katika maji baridi likiwa limezungushwa kama nyoka. Mvuke ukipoa humo hurudi kuwa maji, na mafuta, kwa kuwa ni mepesi kuliko maji, huelea juu yakakusanywa. Najua katika kila kijiji wako watu wanaouelewa ufundi huu bila kufundishwa na redio, kwa sababu ya kazi nyingine ya usiku, hao sitawataja. Ili kupata kilo moja ya mafuta ya lavenda halisi huhitajiwa maua kiasi cha kilo 130. Sasa mnafahamu kwa nini kichupa kidogo kina bei kubwa.

Zamani mlavenda haukupandwa na mtu. Uliota wenyewe milimani. Katika karne ya 19 watu wengi wa vilima hivyo walihamia mijini, mashamba yao ya mawe yakaachwa, na milavenda ikayaingia kama magugu. Wakati huo huo mji wa Grasse, ulio karibu na pwani, ulikuwa mji wa mafundi wa manukato, nao walihitaji mafuta. Wenyeji waliobaki, wachungaji na wakulima maskini, wakaanza kupata fedha kwa kukata kile kichaka ambacho hakuna aliyekipanda. Baadaye ndipo wakakisafisha, wakakipanda kwa mistari. Kwa familia nyingi za milimani huko, mmea huu ndio uliowawezesha kubaki.

Kuna njia mbili za kupata miche, na hapa somo letu linakuwa zito zaidi. Njia ya kwanza ni mbegu. Mbegu ya mlavenda hulala. Haiamki vizuri mpaka ionje baridi kwa majuma kadhaa. Hivyo hupandwa kabla ya majira ya baridi, ikaachwa nje. Miche ya mbegu haifanani: mmoja mrefu, mmoja mfupi, mmoja huchanua mapema, mwingine huchelewa. Njia ya pili ni kipandikizi. Unakata kijiti chenye urefu wa kidole, unaondoa majani ya chini, unakichomeka katika mchanga wenye unyevu kidogo, nacho kinatoa mizizi. Mche wa kipandikizi ni sawasawa na mama yake, kama muhogo ulivyo sawa na shina ulilolikata.

Kuna na aina nyingine iitwayo lavandini. Ni mtoto wa mlavenda wa milimani na ndugu yake wa sehemu za chini mwenye majani mapana. Nyuki ndio waliowaoza. Kama baghala, mtoto wa punda na farasi, lavandini hana uzao. Hatoi mbegu inayoota, basi huongezwa kwa vipandikizi tu. Lakini ni mkubwa, huvumilia nyanda za chini zenye joto zaidi, na shamba lake hutoa mafuta mara kadhaa kuliko shamba la lavenda halisi, ingawa harufu yake ni kali na bei yake ni ndogo. Nyanda za Valensole, zinazopigwa picha sana na watalii, ni nchi ya lavandini. Ili kuilinda lavenda ya milimani isipotee, mwaka 1981 serikali ya Ufaransa iliweka sheria juu ya jina la mafuta ya lavenda ya Haute-Provence: yatoke kwenye milavenda ya mbegu, iliyopandwa penye kimo cha mita 800 au zaidi.

Nionavyo mimi, sheria ile ilikuwa na busara kuliko hata waliyoitunga walivyojua. Maana sasa kuna ugonjwa. Kichaka huanza kupata majani ya manjano, upande mmoja hunyauka, maua hupungua, kisha chote hufa. Unaletwa na kijidudu cha jamii ya bakteria, kidogo mno, kinachoishi ndani ya mishipa ya utomvu wa mmea. Kinahamishwa na mdudu mdogo arukaye, ambaye hufyonza mlavenda mgonjwa, kisha akafyonza mzima. Watoto wa mdudu huyo huishi chini ya udongo, mizizini. Kiangazi kikiwa kirefu na kikavu kupita kawaida, mmea tayari una kiu, na ugonjwa huua haraka zaidi. Shamba lililotegemewa kudumu miaka kumi hulazimika kung'olewa mapema zaidi.

Wenye kulima muhogo wanajua habari hii kwa jina jingine: batobato. Nzi mweupe huieneza, na mkulima mwenyewe huieneza anapokata mbegu kwenye shina gonjwa na kumpa jirani. Vivyo hivyo kipandikizi cha mlavenda mgonjwa ni ugonjwa uliofungwa vizuri na kupelekwa shamba jipya. Tena shamba ambalo vichaka vyote ni vya mama mmoja lina udhaifu mmoja. Kinachoweza kuua kimoja chaweza kuua vyote. Katika shamba la mbegu, wako wanaokufa na wako wanaosimama.

Wakulima hawakukaa kimya. Wamejenga vitalu vyenye wavu wa kuzuia wadudu, na humo hukuzwa miche safi. Wengine hunyunyizia vichaka udongo mweupe laini uliokorogwa kwa maji, ili mdudu asivitambue wala asipende kutua. Wengine wamejifunza kuacha majani yaote kati ya mistari badala ya kupalilia mpaka udongo uwe mweupe, kwa kuwa mdudu hupenda kuruka juu ya udongo mtupu. Babu zao wangeona shamba lenye majani wakasema mwenyewe ni mvivu.

Na tusidhani taabu yao ni ya wadudu tu. Bei ilipokuwa nzuri katika miaka ya 2010 watu walipanda kwa wingi, hata wasiokuwa na desturi ya kulima lavenda, na Bulgaria nayo ikawa mzalishaji mkubwa. Mafuta yakazidi mahitaji, bei ikaanguka baada ya 2020, na wengine waling'oa mashamba mazima. Wakulima wa kahawa na karafuu watacheka kwa uchungu wakisikia hayo.

Je, mlavenda unaweza kukaa kwetu? Unaota, hasa sehemu za juu zenye baridi na udongo usiotuama maji. Lakini kuna jambo moja. Huko kwao mwezi wa sita mchana hufika saa 15 na zaidi, na mwezi wa kumi na mbili hupungua mpaka saa 9. Mmea husoma urefu wa mchana na ile baridi kama sisi tunavyosoma kalenda, ukajua wakati wa kuchanua. Karibu na mstari wa ikweta mchana ni karibu saa 12 mwaka mzima, hivyo lavenda halisi hupata majani mazuri na maua machache. Ndiyo maana katika bustani nyingi za kwetu utaona aina nyingine, yenye majani yenye meno kama msumeno mdogo, ambayo haidai baridi kama nduguye. Ni nzuri kwa ua na kwa nyuki, ila mafuta yake si yale ya Haute-Provence. Atakayekuuzia miche akikuahidi utajiri wa mafuta, mwulize kwanza ni aina gani, na mnunuzi wa mafuta ni nani.

Ukitaka kujaribu, tumia kopo au debe lililotobolewa chini matundu matano au sita. Weka kokoto chini, kisha mchanganyiko wa udongo sehemu moja na mchanga wa mtoni au changarawe sehemu moja. Usitie samadi. Panda kipandikizi kutoka kichaka kizima, weka juani, na usimwagilie mpaka uingize kidole udongoni ukaona pamekauka.

Kwa kazi ya juma hili, kila mmoja afanye jaribio hili shambani kwake, hata kama hatapanda lavenda kamwe. Chimba shimo lenye kina cha mkono kutoka kiwiko mpaka ncha ya vidole. Lijaze maji, yaache yanywewe yote, kisha lijaze mara ya pili na uangalie saa. Yakiisha kabla ya saa chache kupita, udongo wako unapitisha maji. Ukilala ukaamka ukayakuta bado, mahali hapo panataka matuta na mtaro kabla ya kupanda mti wa matunda au kichaka chochote kisichopenda kusimama majini. Andika katika daftari lako tarehe, mahali, na saa ulizohesabu. Juma lijalo mwalimu atawaita watatu wasome walichoandika, nasi katika redio tutazungumza juu ya kuchimba mitaro kwenye mteremko bila kuupoteza udongo. Kwaherini.